Chupa zilizotapika mezani: kisa cha tamasha la mvinyo wa matunda Kasese

Loji iliyoandaa tamasha hili la mvinyo wa matunda haikukosa watu. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaosimuliwa kisa hiki hudhani tamasha lilikufa kwa kukosa wateja, kama yanavyokufa matamasha mengi ya huku kwetu. Hapana. Magari yalijaa mpaka kando ya barabara, bodaboda walipata riziki, na mchomo, yaani nyama choma, uliisha kabla ya saa nane mchana. Kilichoharibika ni mvinyo wenyewe, na uliharibika ukiwa stoo kwa mwenyeji ambaye hadi leo anasema yeye alikodisha meza tu.

Loji siitaji kwa jina, wala mtu yeyote aliyehusika. Mwenye loji, ambaye wafanyakazi na majirani wote humwita Mama, aliniita baadaye nimsaidie kupitia hesabu na kuona kilichokwenda mrama. Kazi yangu ni kufundisha wahudumu wa hoteli huku magharibi mwa Uganda, na ruhusa ya kuandika amenipa mwenyewe. Alisema, "Andika, lakini usinichekeshe kwa watu."

Loji iko bondeni, chini ya milima ya Rwenzori, hatua chache kutoka barabara ya Fort Portal kwenda Kasese. Ina vyumba 14, bustani yenye miembe mikubwa, na jiko linalosifika kwa ngege (samaki aina ya perege) wa kukaanga wanaoletwa kutoka Katunguru. Wateja wake ni watalii wanaoelekea mbuga ya Queen Elizabeth, wafanyabiashara wa Mpondwe, mpakani na Kongo, wanaolala njiani, na mashirika yenye semina. Semina zikikatika, vyumba vinalala tupu. Ndipo Mama akapata wazo la kukusanya watengenezaji mvinyo wa eneo zima, kuanzia Kabarole na Bunyangabu, kupitia Kasese yenyewe, mpaka Rubirizi, siku mbili za kuonja, kununua na kulala.

Wazo lilikuwa zuri, na bado naliona zuri. Uganda si nchi ya mizabibu. Mvinyo wetu ni wa matunda. Kule Kayunga na Luweero watu wana nanasi. Huku kwetu kuna ndizi za pombe kama kayinja na kisubi, kuna pasheni za milimani, kuna asali, kuna rosela. Wanaoutengeneza ni vikundi vya akina mama, walimu waliostaafu, na vijana waliosomea teknolojia ya vyakula wakakosa ajira. Wengi wao wanauza kwa harusi na kwa makanisa, chupa mbili tatu, na hawajawahi kusimama pamoja mahali pamoja ili mteja alinganishe.

Mama aliweka meza 22. Kila mtengenezaji alilipa shilingi 100,000 kwa meza, na mgeni alilipa 30,000 getini, akapewa glasi na tiketi za kuonja mara tano. Mshereheshaji alizungumza Kiswahili, na sioni angetumia nini kingine: mezani kulikuwa na Wakonzo, Watooro, Wanyankole na Wakongo waliovuka kutoka Beni, na tangu enzi za mgodi wa Kilembe Kiswahili ndicho kinachowaweka watu wa Kasese meza moja.

Tarehe nayo ina lake. Mama alichagua wikiendi ya mwisho ya Januari kwa sababu ni kiangazi, barabara za vijijini ni kavu, na watalii wapo. Alichosahau ni kwamba shule zinafunguliwa mara baada ya hapo. Mzazi wa Kasese mwenye watoto watatu ambao karo yao haijalipwa ataonja, atasifu, atarudisha glasi, chupa hanunui. Hilo peke yake lingepunguza mauzo, lakini lisingemjeruhi mtu.

Jumamosi, saa sita na ushei, chupa ya kwanza ilitapika kwenye meza ya mzee mmoja wa milimani anayetengeneza mvinyo wa pasheni. Kizibo kiliruka, povu la rangi ya machungwa likamwagika juu ya kitambaa cheupe, na watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi wakidhani ni mbwembwe za shampeni. Ya pili ikafuata. Ya tatu, kwenye meza ya jirani, ilikuwa na kifuniko cha chuma cha kuzungusha. Kizibo cha gome husalimu amri mapema, kikaruka, gesi ikatoka. Kifuniko cha kuzungusha hakibanduki kirahisi. Hushikilia mpaka kioo chenyewe kishindwe. Chupa ile ilipasuka ikiwa mkononi mwa mhudumu aliyekuwa akiisogeza kivulini. Alichanika kiganja, si vibaya sana, lakini damu ilionekana, na makofi yakakatika hapo hapo.

Baada ya hapo ulianza mnong'ono. Huku magharibi watu hawajasahau mwaka 2010, pale waragi, pombe kali ya kienyeji, iliyochanganywa na methanoli, aina ya kileo chenye sumu, ilipoua makumi ya watu Kabale na Kamwenge. Methanoli haina uhusiano wowote na chupa inayotoa povu, lakini nenda ukawaeleze hivyo watu 300 wenye glasi mkononi! Kufikia saa tisa nusu ya wageni walikuwa wanakunywa bia na soda, na watengenezaji ambao mvinyo wao haukuwa na kasoro yoyote walikaa wakitazamana.

Sasa tuingie ndani ya chupa, maana ndiko kisa kilikoanzia.

Mvinyo wa pasheni hutengenezwa kwa maji ya tunda, maji ya kawaida, sukari na hamira. Tunda lenyewe ni kali mno kwa uchachu, hivyo lazima lizimuliwe na kuongezewa sukari. Hamira hula sukari ikatoa kileo na gesi. Kwa hesabu ya karibu, gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya kileo. Mzee yule anafanya kazi safi. Mtungi wake una mpira mwembamba unaotoka kwenye mfuniko na kuingia kwenye chupa ya maji, gesi itoke bila hewa kuingia. Anasubiri mapovu yaishe kabisa, anaacha mashapo yatulie chini, anahamisha mvinyo ulio juu. Mpaka hapo ningemsifu mbele ya mwalimu yeyote wa Makerere.

Tatizo ni kwamba mvinyo ulioiva hivyo ni mkavu, hauna utamu, na wateja wetu hawautaki mvinyo mkavu. Wanataka utamu wa soda na ukali wa waini pamoja. Kwa hiyo siku ya kujaza chupa mzee huongeza sukari, vijiko vitatu vikubwa vya mezani kwa kila chupa, kisha anagongelea kizibo. Hamira zile zilizobaki zikielea, zisizoonekana kwa macho, hazikufa. Zilikuwa zimemaliza chakula, basi. Amezipakulia upya.

Kijiko kikubwa cha sukari ni kama gramu 12. Vitatu ni gramu 36, na katika chupa ya mililita 750 hiyo ni kama gramu 48 kwa lita. Watengenezaji wa shampeni, wanaotaka mapovu kwa makusudi, huongeza kama gramu 24 kwa lita, na hiyo hufikisha shinikizo karibu mara sita ya hewa ya kawaida. Ndiyo maana chupa ya shampeni ni nene, nzito, na kizibo chake kimefungwa kwa waya. Mzee alitia mara mbili ya kipimo hicho katika chupa nyembamba za mvinyo wa kawaida, zilizookotwa mahotelini na kusuguliwa lebo mpaka ikabaki gundi. Baadhi, aliniambia kwa tabasamu, zilitoka jikoni kwa Mama mwenyewe. Nusu tu ya sukari ile ikichacha, chupa iko kwenye shinikizo la shampeni bila unene wa shampeni.

Mbona basi hazikupasuka nyumbani kwake? Swali hilo Mama aliliuliza kwa hasira, akiona kama mzee amemletea mzigo mbovu kwa makusudi. Jibu ni baridi. Kule juu mlimani usiku una ubaridi wa kujifunika mablanketi mawili, na chumba chake cha udongo hakipati joto hata mchana. Hamira ilifanya kazi polepole, wiki baada ya wiki, na gesi iliyotoka ikabaki imeyeyuka ndani ya mvinyo kwa sababu kimiminika baridi hushika gesi nyingi. Kisha chupa zikateremshwa bondeni ambako Januari kunafika nyuzi 30 na kupita, zikitikiswa juu ya bodaboda na kwenye buti la teksi. Joto la siku moja halitengenezi gesi yote ile. Lilichofanya ni kuamsha iliyokuwapo.

Na hapa ndipo loji inapoingia kwenye lawama. Vyumba vyote vilikuwa vimeuzwa, hivyo mvinyo uliofika Alhamisi na Ijumaa uliwekwa kwenye stoo ya nyuma, yenye paa la mabati tupu bila dari, pamoja na magunia ya mkaa na mitungi ya gesi ya kupikia. Mtunza stoo, kijana makini, aliona Ijumaa jioni kwamba vizibo kadhaa vimepanda, vimetokeza juu ya shingo ya chupa kama upana wa kidole. Alifanya nini? Alivibonyeza kwa dole gumba vikarudi, na vilivyokataa akavifunga kwa utepe wa plastiki. Kisha akaenda kulala.

Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mtu, alijibu, "Bosi, nilidhani vimelegea njiani." Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kizibo kinachopanda kina maana gani. Kizibo kilichopanda ni onyo ambalo hata mtu asiyejua kusoma kipimajoto angeliona, na lilitolewa saa 18 kabla ya mhudumu kuchanika. Kama kisa hiki kina mahali kilipogeukia, basi ni pale stoo, Ijumaa jioni. Jumamosi ilikuwa matokeo tu.

Nikaomba barua za mwaliko. Barua ilitaja ada ya meza, saa ya kufika, rangi ya kitambaa, na kwamba kila mtu aje na kifungua chupa chake. Kuhusu mvinyo haikuuliza hata neno moja. Ulijazwa lini? Uliongezwa sukari baada ya kuchacha? Umewekewa dawa ya kuzuia hamira? Mama anajua kuuliza maswali kama haya kuhusu samaki. Ngege akiletwa anafunua mashavu, anabonyeza nyama, anarudisha wasiofaa, na muuza samaki hanuni. Mvinyo aliupokea kama masanduku ya mgeni.

Utetezi wake ni kwamba watengenezaji ni wafanyabiashara huru na yeye ametoa uwanja. Siukubali. Mtu akinywa kitu kwenye bustani ya loji, kwenye glasi ya loji, baada ya kulipa kwenye geti la loji, amekunywa kwa loji. Na ada ya meza ndiyo iliyompofusha: alikuwa ameshapata fedha yake kabla ya chupa hata moja kufunguliwa, kwa hiyo hakuna kilichomlazimisha kujali kama ile chupa itauzika. Angekuwa anachukua asilimia ya mauzo, nina hakika angekuwa stoo Ijumaa jioni yeye mwenyewe, na tochi.

Turudi saa sita na nusu, chupa ya tatu ikiwa imepasuka. Mama alikuwa na njia tatu: kufunga tamasha, kuondoa meza zenye tatizo, au kuchukulia chupa zote kuwa za hatari mpaka zipoe. Alichagua ya pili. Meza mbili ziliondolewa mbele ya watu, mzee akiwa bado anafuta povu, na mshereheshaji akatangaza kwamba "bidhaa zisizofaa zimeondolewa." Tangazo hilo ndilo lililoua siku. Wageni walisikia neno "zisizofaa" wakajiuliza wao wameshakunywa nini.

Njia ya tatu ilifanyika kwenye meza moja, bila amri ya mtu. Kijana mmoja wa Bunyangabu, mwenye mvinyo wa nanasi, alipoona ya jirani hakusubiri zake. Alimfuata muuza samaki aliyekuwa amepaki nje, akanunua barafu ya kwenye boksi la ngege, akaitandika ndani ya pipa safi, juu yake mfuko mzito wa plastiki ili maji ya samaki yasiguse chupa, kisha akalaza chupa humo na kuzifunika gunia lililoloweshwa. Alizilinda karibu saa nzima, akimkataza mtu yeyote kusogea. Baada ya hapo alitoa moja moja, imezungushiwa taulo nene, shingo ikielekea upande usio na watu, na kulegeza kizibo taratibu mpaka gesi ilie na kunyamaza. Akamimina kwenye jagi. Akaandika kwa chaki kwenye ubao: Nanasi lenye mapovu, baridi sana. Kwa mujibu wa daftari la tiketi, meza yake ndiyo iliyoonjwa kuliko zote mchana ule. Sisemi mtu aige hivyo nyumbani. Chupa yenye shinikizo si mchezo, na kama alikuwa na zenye vifuniko vya kuzungusha ningemwambia aziache kwenye barafu mpaka kesho yake. Lakini aliielewa bidhaa yake, na akamwambia mteja ukweli wa kile alichokuwa anamimina.

Kuna jambo la sheria ambalo ningependa kulipita haraka, ila haliruki. Mvinyo wa kuuza Uganda unatakiwa uwe na alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa, na tangu mwishoni mwa 2019 URA, mamlaka ya mapato, inataka stempu ya kidijitali ya kodi kwenye chupa. Katika zile meza 22, zilizokuwa na vyote viwili zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine waliambiwa waonjeshe tu wasiuze, na bila shaka waliuza, chini ya meza, kwenye kaveera, mifuko ya plastiki. Mama alijua. Ofisa yeyote angepita siku ile, loji ndiyo ingefungwa, si kikundi cha akina mama cha kijijini. Naelewa ugumu wa mtengenezaji mwenye chupa 100 kwa mwaka: jengo lenye vigae, vipimo vya maabara, safari za Kampala. Dawa ninayoiona ni vikundi kushirikiana jengo moja na cheti kimoja, kila kikundi kilete matunda yake. Kuonjesha bila alama na kujifanya hujauza ni kumtegea mtego jirani yako.

Mwaka uliofuata Mama alirudia, na hapa nampa haki yake. Tarehe ilihamia mwishoni mwa Juni. Stoo ya mabati aliiacha. Alijenga chumba kidogo chini ya mwembe mkubwa, kuta mbili za wavu wa kuku zilizojazwa mkaa katikati, juu kukiwa na pipa linalodondosha maji kwenye mkaa mchana kutwa. Maji yakikauka hubeba joto. Ni teknolojia ya wauza mboga, haihitaji umeme, na kwa hewa kavu ya bonde inafanya kazi vizuri. Chupa zilitakiwa zifike siku tano kabla, zikasimamishwa humo, na mtunza stoo yule yule akapewa daftari la kuandika kizibo kilichopanda na meza yake.

Barua ya mwaliko nayo ilibadilika. Anayeongeza sukari baada ya kuchacha alitakiwa aeleze amezuiaje hamira: ama kwa dawa za kuhifadhi vinywaji, metabisalfaiti na sorbeti ya potasiamu, kwa vipimo vilivyoruhusiwa, ama kwa kuchemsha. Kuchemsha ni neno kubwa kuliko kazi yenyewe. Unasimamisha chupa ndani ya sufuria ya maji, vizibo vimelegezwa, unapandisha mvinyo mpaka nyuzi 65, unaushikilia hapo kama dakika 20, unafunga ukiwa bado moto. Mvinyo unapoteza kidogo harufu ya tunda, hasa pasheni, na wapo waliolalamika, kwa haki. Ada ya meza ilifutwa. Loji ikachukua sehemu ya mauzo.

Meza zilipungua zikawa tisa. Wageni nao walipungua. Chupa zilizouzwa, kwa daftari la Mama, zilizidi za mwaka wa kwanza, na hakuna iliyotapika. Hata mpangilio wa kuonja uliboreka: walianza na mikavu ya ndizi, wakaenda kwenye rosela, wakamalizia na asali na pasheni, maana ukianza na mtamu ulimi haupokei tena kingine.

Mzee wa pasheni hakuja. Kinachomuuma si lile povu. Ni tangazo lile la mshereheshaji, na shilingi 100,000 za meza aliyoondolewa kabla ya saa saba. Mama amemrudishia nusu, kwa hoja kwamba chupa zilikuwa na kasoro kabla ya kufika. Mimi nimemwambia arudishe yote pamoja na gharama ya chupa, kwa sababu kasoro ile ilisomeka Ijumaa ndani ya stoo yake na mfanyakazi wake akaibonyeza irudi. Bado tunabishana. Mzee, kwa upande wake, anaendelea kuuza Mpondwe siku za soko, sukari vijiko vitatu, isipokuwa sasa anawaambia wateja waweke chupa kwenye maji baridi na wainywe wiki hiyo hiyo.